Chini ya Hezi Mia Mbili

Ningekuwa mtu wa kusalimia majirani, haya yote yasingetokea. Nasema mapema ili usije ukaanza kunihurumia njiani.

Siku Mwalimu Kalista Lalika alipokuja kwangu kurekodi sauti yake ya mwisho, mashine ya kusaga ya Sigala ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Iko upande wa pili wa ukuta wangu hapa Kihesa. Mimi na Sigala tulikuwa hatusemezani mwaka wa pili. Pumba zake ziliniingilia kwenye maikrofoni, nikamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akamwamuru ajenge ukuta, akajenga, na tangu hapo akikutana nami njiani anaangalia mlima. Na mimi, mwanamke mzima, naangalia mlima huohuo.

Mwalimu aliketi katikati ya chumba ambacho nilikijenga kwa ajili ya watoto, watoto hawakuja, nikakivalisha magodoro na trei za mayai kikawa studio. Shingoni alikuwa na goita ya ukubwa wa chungwa. Madaktari walimwambia bila kumficha: uvimbe umeukumbatia mshipa wa sauti, ukitoka unatoka nao. Baada ya hapo watamwekea pete. Hiyo pete ni kidude kama kifungo cha koti, kinalala chini ya ngozi ya koo, kinasoma mishipa ya fahamu na kusema kwa niaba yako. Kitasema kwa sauti yoyote utakayokipa. Ndiyo maana watu huja kwa watu kama mimi kabla ya kisu. Dakika arobaini zinatosha: usome, ucheke, unong'one, ugombeze, uimbe do mpaka do.

"Kamwene, Beni," alinisalimia kwa Kihehe.

Ilikuwa sauti ya chini sana kwa mwanamke, yenye mkwaruzo wa jiwe la kusagia. Kwa sauti hiyo alifundisha kwaya ya parokia miaka thelathini na moja, na kwa neno moja aliweza kuwanyamazisha wanaume wote wa sauti ya nne, yaani besi, wake zao wakabaki kushangaa.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo mashine haitatusumbua?"

"Haisumbui."

"Nikamwombe Sigala azime kidogo? Nilimsimamia kipaimara yule. Hawezi kunikatalia."

"Kaa tu, Mwalimu. Kompyuta itaisafisha."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua Sigala atauliza Mwalimu anarekodi kwa nani, na akisikia ni kwangu ataona ameshinda. Basi. Nimetafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo, sijaipata.

Nieleze kazi yetu kidogo, maana bila hilo kosa langu halitaonekana ukubwa wake. Sauti ya mtu si kitu kimoja. Ina chini, ina katikati, ina juu, na tunaipima kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Chini ya hezi mia mbili kuna kifua cha mtu. Elfu tatu kuna makali ya maneno. Elfu kumi kuna pumzi. Ikwalaiza ni chombo cha kupandisha na kushusha sehemu hizo, na mimi ninazo mbili.

Ya kwanza ni ya analogi, sanduku la chuma alilounda baba yangu, fundi redio, lenye vitufe sita vya kuzungusha. Ndani yake sauti ni umeme unaopita kwenye koili na kapasita. Ukipandisha kitufe cha chini, kila kilichoko chini kinapanda: mwimbaji, mashine ya jirani, lori barabarani. Haichagui. Wala haikumbuki, ukitaka kurudia mpangilio wa jana, uwe umeweka alama za chaki. Ya pili ni ya dijitali, inaitwa Sikio, inakaa ndani ya kompyuta. Sikio linaweza kuvuta uzi mmoja wa sauti na kuacha wa pembeni yake. Linakumbuka kila ulichofanya, na ukikosea unarudi nyuma. Kwa kazi nyingi za studio ya nyumbani ni bora mara kumi, na wanaobisha huwa wanatetea mapenzi yao tu, mimi nikiwemo.

Ila Sikio la siku hizi lina Jaza. Likikata kitu na pakabaki shimo, Jaza inalijaza kwa kukisia kilichopaswa kuwepo, kutokana na sauti za mamilioni ya watu ilizowahi kusikia. Sanduku la baba nalo lina uongo wake, linaongeza mvumo na joto, lakini linachokupa kilikuwepo chumbani.

Siku ile niligawa sauti kwa waya mbili. Mmoja ulikwenda kwenye Sikio, mwingine kwenye sanduku la baba na kutoka hapo kwenye mashine ya utepe. Zilikuwa mbwembwe tu. Nilipandisha hata kitufe cha chini ili Mwalimu asikie kifua chake kinavyojaa kwenye spika.

"Kumbe mimi dume," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Alipoondoka nikatuma faili kwenye kituo cha sauti cha hospitali. Ikarudi. Kelele zimezidi. Mota ya Sigala ilikuwa inavuma hezi mia na hezi mia na hamsini, na hapo mia na hamsini ndipo sauti ya Mwalimu inaposimama. Nikakata. Mashine ikatoka, na Mwalimu akatoka nayo. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayesemea puani. Kumwita tena ningeweza, upasuaji ulikuwa bado siku mbili. Lakini ningemwambia nini? Kwamba twende kwa Sigala? Na nilikuwa na send-off ya bi harusi mmoja ya kurekodi saa nane. Nikawasha Jaza.

Shimo likajaa. Nikatuma, ikapokelewa. Kikatokea kidirisha: *Ninathibitisha sauti hii haijajazwa.* Nikabonyeza ndiyo huku natafuta viatu.

Faili ghafi ikajifuta yenyewe kesho yake. Ni sheria, tangu wezi wa sauti waanze kuwapigia watu simu kwa sauti za mama zao. Utepe haukutajwa na sheria hiyo, nadhani waliokaa kuiandika hawakujua kama bado upo.

*

Wiki tatu baadaye nilikuwa nasafisha mashine ya utepe, nikaucheza ule utepe ili nijue kama nimeipatia. Mwalimu alikuwa ameshapasuliwa na kushonwa. Sijui kilichonisukuma nikaifungua na ile faili niliyotuma. Niliweka utepe spika ya kulia, faili spika ya kushoto, nikawa naruka huku na huku.

Kulia alikuwa Mwalimu Kalista anasoma orodha ya maneno na Sigala anasaga mahindi. Kushoto alikuwa mwanamke mwingine. Mzuri, laini, safi, kama wale wanaotangaza ndege imechelewa. Maneno yalikuwa ya Mwalimu, vituo vya Mwalimu, hata kicheko kilianza na kuishia palepale. Kifua hakikuwa chake. Jaza ilikisia mwanamke wa kawaida, kwa kuwa wa aina hiyo ndio iliowasikia wengi.

Sehemu ya kugombeza ndiyo iliyonimaliza. Kulia alisema, "Nyie besi, mmelala?" nikajikuta nimenyoosha mgongo. Kushoto, yule mwanamke aliwauliza besi kama wamepumzika vizuri.

Nilimpigia fundi wa pete pale kituoni. Sikujitaja. Nilimuuliza, kwa mfano tu, sampuli ikiwa na mvumo wa mashine, inakuwaje?

"Pete inachukua kila kitu, dada. Mvumo utatoka kila mara mtu akifungua mdomo, maisha yake yote. Hatuwezi kuutoa bila kujaza, na kujaza hakuruhusiwi."

"Hakuna sauti nyingine ya mtu mnayoweza kutumia?"

"Ipi? Simu zote siku hizi zinajaza. Albamu zote zinajaza. Ndiyo maana tunataka ghafi."

"Na mtu akiwekewa, halafu aone si yenyewe?"

"Ana siku tatu. Baada ya hapo mishipa imeshika, hakuna kurudi. Umesema unapiga kutoka wapi?"

Nikakata simu. Anayetuma sampuli iliyojazwa hunyang'anywa kibali, na huo ndio ukweli wa kilichonipitia kwanza kichwani, kabla ya Mwalimu. Mwalimu nilimfikiria baadaye.

Kesho yake, Jumatano, nilikwenda wodini na chupa ya uji wa ulezi na utepe ndani ya pochi. Nilijipanga njia nzima. Nitasema, Mwalimu, nilikosea. Nitaanza hivyo, mengine yatafuata.

Alikuwa amekaa kitandani, bandeji shingoni, daftari la kwaya magotini. Alipoandika hakukawia, mkono wake ulikuwa na haraka ileile ya mdomo wake.

*Kesho naongea,* aliandika.

"Nimesikia, Mwalimu. Sasa kabla ya kesho kuna…"

Akaniinulia kidole ningoje. Akaandika tena, akanigeuzia daftari.

*Wamenisikilizisha. Kumbe nina sauti nzuri hivi? Miaka yote nilidhani nakwaruza.*

Niliyasoma mara mbili. Mtu hajui sauti yake inavyosikika nje. Anaisikia kupitia mifupa ya kichwa, na ukimrekodi mara ya kwanza huwa anakataa kwamba ni yeye. Mwalimu alisikilizishwa mgeni akadhani ndivyo wengine tulivyokuwa tukimsikia. Alikuwa anafurahi. Uso wake wa miaka sitini na nane ulikuwa na aibu kidogo, ya msichana aliyeambiwa amependeza.

*Asante mwanangu,* aliandika chini yake.

"Karibu, Mwalimu," nilisema.

Nilisema karibu. Nikammiminia uji, nikamwekea na kitambaa kifuani, nikazungumza habari za bei ya mahindi na mvua. Nikarudi nyumbani na utepe wangu. Kama unataka kujua nilipoharibu hasa, usitazame siku ya Jaza. Siku ile nilikuwa mvivu na mwenye kiburi. Jumatano nilijua ninachofanya.

*

Ijumaa mchana mtu alibisha hodi. Sauti sikuitambua, nikajibu karibu huku nikidhani ni mteja.

"Kamwene, Beni."

Mwalimu Kalista alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimezungushwa shingoni, na yule mwanamke wa spika ya kushoto anatoka mdomoni mwake. Nilishika fremu ya mlango.

"Ingia, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Aliketi palepale alipoketi siku ile. "Nimekuja unisikilize, wewe ndiye unayejua mambo haya. Pete hii ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Leo asubuhi tulikuwa na mazoezi ya misa ya marehemu. Besi wamechelewa kuingia, nikawakaripia. Unajua walichofanya? Walinipigia makofi. Walidhani natania." Yote hayo aliyasema kwa utamu, bila kupanda wala kushuka, na nyusi zake zilikuwa zimekunjana kwa hasira. "Nikajaribu tena nyumbani, peke yangu. Nikapiga kelele. Inatoka hivihivi. Nina miaka sitini na nane na nimekuwa mpole, Beni. Ni hitilafu ya pete, au mimi ndiye ninayekosea kuitumia?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema ni pete. Ningemwambia vumilia, utazoea, na keshokutwa saa nne asubuhi mishipa ingeshika na suala lingekuwa limekwisha. Nakiri nilivuta pumzi ya kusema hivyo.

"Si pete," nilisema. "Ni mimi. Hiyo si sauti yako. Mashine ya Sigala iliingia kwenye rekodi, nikaikata, nikakukata na wewe, halafu nikawasha Jaza. Nikasaini kwamba sijajaza. Jumatano nilikuja kukwambia, nikaogopa. Ninao utepe wenye sauti yako mwenyewe, ila una mashine ndani yake."

Alikifungua kitenge shingoni.

"Ulikaa pale kitandani kwangu," alisema, "ukanilisha uji."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nikakuandikia asante."

"Ndiyo."

Alisimama. Mishipa ya shingo ilimtoka pembeni ya bandeji, mdomo ukafunguka wote, ngumi imekunjwa. Alikuwa ananigombeza kwa nguvu zake zote. Na kilichotoka kilikuwa laini na kitamu, kazi ya mikono yangu, isiyo na doa. "Mwongo mkubwa wewe," iliniambia, kama inanitakia safari njema. Aliisikia mwenyewe. Alifunga mdomo katikati ya neno. Akaketi, akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

*Weka utepe. Halafu toka nje.*

Nikaweka. Nikatoka nje ya nyumba yangu mwenyewe, nikasimama uani karibu na kamba ya nguo. Kutoka ndani nilisikia utepe unaanza, na juu ya utepe mashine halisi ya Sigala inanguruma ng'ambo ya ukuta, mbili kwa pamoja, Mwalimu wa watu yuko chini yao anatafuta sauti yake.

Basi nikaenda. Nilizunguka ukuta, nikapita kwenye foleni ya kina mama wenye ndoo za mahindi, nikasimama mbele ya Sigala. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope.

"Kamwene, Sigala."

Alinitazama kwanza, kuhakikisha ni mimi. "Kamwene."

"Naomba uzime mashine dakika arobaini. Mwalimu Kalista yuko kwangu, anasikiliza kitu."

Sikumaliza hata kueleza. Alinyoosha mkono akakata swichi, mkanda ukazunguka mara mbili tatu ukatulia. Akawaambia kina mama wakae kivulini, kuna shughuli ya Mwalimu. Hakuna mama aliyenung'unika.

"Hata siku ile alipokuja kurekodi nilimwona anaingia," Sigala alisema, anajipangusa mikono. "Nikawa nangoja uje kuniambia nizime. Nikasema mimi mwenyewe siwezi kwenda, yule dada atanirudisha kwa mwenyekiti."

Tulisimama pale, mimi na yeye, tukausikiliza ukimya ambao siku ile ningeupata bure.

Dakika arobaini zilipokwisha Mwalimu alitoka uani, macho mekundu, daftari mkononi.

*Mashine itakuwemo kila nikisema?*

"Kila neno. Na niliipandisha mimi, kwa kitufe cha chini. Ilikuwa ndogo kuliko hivyo."

*Haitoki?*

"Haitoki bila Jaza."

Aliangalia juu ya ukuta, kwenye bomba la mashine. Akaandika polepole.

*Yule mwingine ni mzuri. Ila simjui. Twende kituoni, na utepe uubebe wewe, na maelezo utayatoa wewe.*

Niliyatoa. Yule fundi wa pete alinitambua kwa sauti kabla sijafika nusu. Alichukua kibali changu, akakiweka kwenye droo, akamsainisha Mwalimu karatasi tatu zinazosema ameelezwa na amekubali, kisha akaiwekea pete sauti ya utepe.

*

Aliniita kwenye mazoezi Jumamosi ya pili baada ya hapo. Nilikaa benchi la nyuma la ukumbi wa parokia. Wanakwaya arobaini walikuwa wamesimama kwa safu zao, na habari zangu walikuwa nazo wote, niliona kwenye migongo yao.

"Nyie besi," alisema Mwalimu Kalista, "leo mmeamka?"

Wanaume wakanyooka. Ilikuwa yeye, mkwaruzo na kifua na yote, na chini yake mota inavuma, ikianza neno linapoanza na kukatika linapokatika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilijiruhusu kuvuta pumzi.

Kisha akatoa do, kama anavyofanya kabla ya kila wimbo, bila kinanda. Sauti ya kwanza wakaishika do yake. Besi wakaishika ya mashine. Hawakukusudia, ilikuwa nene zaidi, ipo chini, na sikio la besi linatafuta chini. Kwaya ikaingia vipande viwili vinavyosuguana, na nyuso zikaanza kugeukiana.

Mwalimu akawasimamisha, akarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu aliivuta do yake juu ya mvumo kwa nguvu, na besi, masikini, wakajitahidi, wakateleza palepale. Alishusha mkono. Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuazima do kwa mtu.

"Beni," aliita, bila kugeuka.

"Abee, Mwalimu."

"Njoo hapa mbele. Utakuwa unatoa wewe."

Nilitembea mpaka mbele. "Mwalimu, naomba unisa…"

"Usingoje nikwambie si kitu. Ni kitu." Mashine ikavuma chini ya kila silabi, nami naijua kila hezi yake. "Jumamosi saa tisa, Jumapili kabla ya misa ya kwanza. Mpaka nikuambie basi. Sasa toa do."

Nikaitoa. Arobaini wakaishika, Mwalimu akafunga mdomo wake na kuinua mkono, wakaanza kuimba.